Friji Iliyojua Kupiga Hodi

Watu wa Dar wanapenda kutuita sisi wa Kigoma mwisho wa reli. Nimeshawasahihisha mpaka nimechoka, na leo nawasahihisha tena: reli inaanzia hapa. Ukiona kwetu ni mwisho, ujue wewe ndiye uliyetoka mbali.

Nasema hivyo kwa sababu kisa hiki kilianza na sentensi moja ya bosi wangu. Nilikuwa Mwanga, mjini Kigoma, kwenye chumba nilichopanga cha kufanyia kazi, ukuta mmoja na fundi cherehani, kompyuta mezani na mashine za jirani zikinguruma ukutani. Simu ikaita kutoka Dar. Bosi hata salamu hakuimaliza. Akasema, "Dada, tatizo siyo friji. Tatizo ni Kigoma."

Ala! Nilisimama. Sijui nilisimama ili iweje, maana alikuwa hanioni, lakini kuna maneno mtu hawezi kuyapokea akiwa amekaa.

Ngoja nizieleze friji zenyewe, usije ukadhani nauza soda. Mimi naandika programu za kompyuta. Nimezaliwa Ujiji, nikasoma Dar, nikarudi Ujiji, na kila aliyeniuliza nimerudi kufanya nini nilimjibu nimerudi kuishi. Kampuni iliyoniajiri iko Dar. Inatengeneza kifaa kidogo kinachofungwa kwenye friji za chanjo zinazotumia jua. Kifaa kinapima ubaridi ndani ya friji, halafu kinatuma kipimo kwa mtandao wa simu mpaka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, ili ubaridi ukianza kupotea mtu ajue kabla chanjo hazijaharibika. Friji za majaribio ziligawiwa kwenye zahanati chache za mwambao wetu. Sharti lilikuwa moja: vipimo vifike Dar bila mapengo. Vikikosekana, friji zinakusanywa na kupelekwa mkoa mwingine.

Moja ya friji hizo ilikuwa kwenye kijiji kimoja kusini mwa Ujiji, kwa nesi mmoja mwanamke wa makamo, mfupi, mkali wa macho na mpole wa mikono. Kabla ya friji, nesi huyu alikuwa anakuja mjini kuchukua chanjo, anaziweka kwenye kisanduku cha barafu, anarudi nazo kwa boti. Nilimwona kwa mara ya kwanza Katonga, ufukweni zinakopakia boti, amekaa katikati ya mafungu ya dagaa, kisanduku amekipakata mapajani na kwa khanga yake amekifunika kisipigwe na jua. Ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna boti iliyokuwa tayari kuondoka. Nikamsalimia, nikamuuliza anasubiri nini. Akanijibu bila kuniangalia, "Nasubiri barafu iyeyuke, nirudi kuchukua nyingine." Kule kijijini akina mama walikuwa wamekaa na watoto wao tangu asubuhi, wengine wameshuka milimani kwa miguu. Siku hiyo walirudi makwao bila chanjo.

Kwa hiyo friji ilipofika, nesi hakuipokea kama chombo cha serikali. Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akaifunika juu kama watu wanavyofunika redio ya sebuleni. Akina mama wakawa wanakuja siku yoyote, ziwa litulie au lichafuke. Ukitaka kujua nilikuwa napigania nini miezi ile yote, nilikuwa napigania kitambaa kile kisitolewe juu ya friji ile.

Sasa tuje kwenye ubovu. Programu ya kwanza ya kutuma vipimo waliiandika vijana wenzangu wa ofisini Dar. Wamekaa kwenye kiyoyozi, mtandao wao unakuja kwa waya na hauyumbi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Waliandika hivi: kifaa kitume kipimo; kisipojibiwa, kitupe hicho, kiendelee na kingine. Yaani mtandao ukikohoa kidogo tu, kipimo kinakwenda na maji. Ofisini wakaona mapengo, wakasema Kigoma kuna mapengo.

Nikapiga kelele. Wakarekebisha, na marekebisho yakawa mabaya kuliko ugonjwa. Safari hii waliandika: kisipojibiwa, kitume tena, kisipojibiwa, tena, tena, tena, bila kupumua. Mchana mmoja mnara wa simu ulizimika, ukawaka jioni. Ulipowaka, friji zote za mwambao, kila moja ikiwa na hasira zake, zikairukia seva kwa wakati mmoja. Seva ikaanguka. Ofisi nzima ikakaa haina kazi, na ndipo bosi akanipigia kuniambia kwamba tatizo ni Kigoma.

"Bosi," nikamwambia nikiwa nimesimama vilevile, "mnara kuzimika ni jambo la dunia. Ziwa linachafuka, mtu anaugua, mnara unazimika. Programu isiyojua hilo ndiyo yenye tatizo. Nipe niiandike mimi."

Si mtu mbaya, bosi wangu, ila ana haraka. Akasema, "Haya. Nakupa kiangazi hiki, kabla mvua hazijaanza na mtandao wenu haujawa mbaya zaidi."

"Thubutu! Usinipe kiangazi. Kiangazi hata mlevi anafika nyumbani. Nipe msimu wa mvua wenyewe."

Alicheka. Akakubali, lakini akaongeza kwamba siku akiona pengo refu hatapiga simu tena. Atapanda ndege aje azichukue friji mwenyewe, akianzia na ile ya kusini. Nikamwambia karibu sana. Nilipokata simu nilijua kwamba nimejitia kitanzi mwenyewe.

Basi nikaanza kuandika. Python ni lugha ya kompyuta ya kistaarabu, hilo lazima niseme. Ina neno la kusema jaribu hili, na neno la kusema likishindikana fanya lile. Kila mtu anaandika "jaribu" vizuri, maana hakuna asiyejua kutuma. Kazi iko kwenye "likishindikana". Nilikaa mbele ya neno hilo siku kadhaa. Nikiandika subira, naona uzembe. Nikiandika ukali, naona zile friji zikiiangusha seva. Nikawa nafuta na kuandika na kugombana na watu wasiohusika, mpaka fundi cherehani akaniuliza kama nimeachika.

Dawa niliipata nyumbani Ujiji, na sikupewa na mtu; niliiona inatokea mlangoni. Ilikuwa alasiri, mama anaswali chumbani, mimi niko uani nachambua mchele. Mlango wa mbele ukagongwa. Kabla sijanyanyuka ukagongwa tena, halafu ukaanza kupigwa kama ngoma, pa pa pa pa, na sauti ya jirani yetu, "Hodi hodi hodi hodi! Hamumo?" Nikataka kwenda kufungua, mikono ina vumbi la mchele, lakini mama akawa amemaliza sala, akatoka na khanga yake kichwani, akasimama nyuma ya mlango bila kuufungua.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Hata mwizi akiulizwa atasema mimi."

Jirani akajitaja. Mama akafungua. "Haya niambie, mlango umekukosea nini?"

"Jamani, nimekuja kuazima ungo tu."

"Ungo ndio unataka kunivunjia nyumba? Hodi ni tatu. Unapiga, unasubiri mtu avae, amalize sala, aweke mtoto chini. Unapiga ya pili. Ya tatu ukiona kimya, unakwenda zako na moyo mweupe, utarudi baadaye. Asiyekujibu hajakufukuza. Umelelewa mtaa huu huu, nani hakukufundisha?"

Wakaanza kucheka wote wawili, maana ni mashoga wa tangu utotoni na ugomvi ndio salamu yao. Ungo ukatoka. Mimi nilikuwa nimeacha mchele, nimesimama uani kama niliyepigwa na shoti. Hilo la hodi silo jipya. Kila mtoto wa Ujiji ameonywa kwalo na kufinywa kwalo. Unasimama pembeni, siyo uso kwa uso na mlango. Unasubiri. Unajitaja jina. Na mimi, niliyefinywa vizuri kabisa, nilikuwa nahangaika na "likishindikana" kama mtu asiye na kwao!

Nikamwambia mama nakwenda Mwanga. Akasema, "Na mchele?" Nikamwambia mchele nitarudi. Akasema, "Ndiyo hodi zako hizo," na akauchambua mwenyewe huku akinisema.

Nilichokiandika nitakieleza kwa Kiswahili, maana ndivyo kilivyokuja kichwani. Friji ikitaka kutuma kipimo, kwanza inakiweka akiba ndani ya kifaa, na haikifuti mpaka seva iseme nimekipata. Halafu inapiga hodi ya kwanza na kujitaja: mimi friji ya zahanati fulani, hiki ni kipimo cha saa fulani. Haisimami mlangoni milele. Hili ni la kuangalia sana, kwa sababu ile zana ya Python niliyoitumia, usipoiwekea ukomo, inaweza kusimama inasubiri jibu mpaka kiama. Ikikosa jibu inasubiri kidogo, inapiga ya pili. Ikikosa tena inasubiri maradufu, inapiga ya tatu. Kimya? Inakwenda zake, inalala, itarudi. Na kila duru ya kimya ikipita, inalala zaidi, mpaka kwenye kama nusu saa, hapo hairefushi tena.

Kwenye kila kulala kwake nikaongeza muda kidogo wa kubahatisha, kila friji na bahati yake, ili mnara ukiwaka zisifike mlangoni zote kwa pamoja kama watu wanaokimbilia pilau. Seva ikisema nina shughuli, njoo baada ya muda fulani, friji inatii muda huo huo iliopewa. Lakini seva ikisema sikutambui, au ulicholeta kimekosewa, friji hairudii. Hapo umeshajibiwa. Kurudia baada ya kukataliwa ni kujidhalilisha, kwa hiyo friji inanyamaza na kuniita mimi.

Likabaki moja. Kuna wakati mwenyeji amekujibu karibu, lakini sauti yake haikukufikia. Kipimo kimefika Dar, jibu limepotea njiani, friji inadhani haikusikika na inaleta kilekile tena. Ndiyo maana kila kipimo kina alama yake. Akina mama wa kwetu wanapaka rangi ya kucha chini ya sahani zao kabla ya kuzipeleka kwenye shughuli, na hata sahani zichanganyike vipi, kila mtu anaijua yake. Seva ikiona alama inayoijua, inasema ninacho tayari, na haiandiki mara mbili.

Nilipomaliza nilimweleza mama. Akaniuliza, "Kwa hiyo Dar wanakulipa mshahara kwa sababu unajua kupiga hodi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na mimi nianze kulipwa."

Nikaenda kijijini mwenyewe kuiweka programu mpya. Antena ya kifaa tuliipigilia juu ya mchikichi nyuma ya zahanati, mahali pekee panapoona mnara wa kilimani vizuri. Nesi alisimama chini akinishikia ngazi. Akaniuliza, "Mtandao ukipotea, itafanyaje?"

"Itapiga hodi, itaondoka, itarudi."

Akasema, "Basi ina adabu kuliko wageni wengi wanaonijia hapa."

Mvua zikaanza, na zilikuja kwa fujo kama zimesikia nilivyojitapa. Mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Kila asubuhi nilifungua kompyuta kabla ya chai, moyo juu, nikakuta vipimo vimefika: vingine kwa wakati, vingine vimechelewa, lakini vimefika vyote. Vijana wa Dar wakaacha kunitania. Mmoja akaniomba nimtumie programu. Nikamtumia na salamu za mwisho wa reli.

Halafu mnara ule wa kusini ukazimika, na safari hii haukuwaka. Radi iliupiga, watu walisema, na fundi hawezi kupanda kilimani mpaka barabara ikauke. Siku ikapita, ikaja nyingine, ikaja nyingine. Kwenye ukurasa wa ofisi jina la zahanati ya kusini likageuka jekundu na kubaki jekundu. Nilijua friji iko hai. Najua nilivyoandika. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuliona jina jekundu kila asubuhi ni kitu kingine. Akiba ndani ya kifaa nilikuwa nimeijaribu kwa masaa, sikuwahi kuijaribu kwa ukimya mrefu namna ile. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa.

Bosi hakupiga simu. Alitimiza ahadi yake. Alinitumia ujumbe akiwa ameshashuka uwanja wa ndege: tukutane Katonga.

Nikamkuta ameshakodi boti na wabebaji wawili wenye kamba. Zile kamba ndizo zilizonichoma. Nikampa shikamoo, maana ni mkubwa wangu, halafu nikamuuliza, "Bosi, kamba za nini? Hatujaiona friji bado."

"Dada yangu, usilichukulie moyoni. Umejitahidi. Mazingira ndiyo yamekataa."

"Mazingira hayajakataa. Yamenyamaza."

"Kuna tofauti gani?"

Nilimwangalia nikaona hatanielewa ndani ya boti. Asiyejua maana haambiwi maana. Tukaondoka, injini inapiga kelele, na mimi nimekaa mbele nimempa mgongo njia nzima.

Tulipofika, akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi la nje la zahanati na watoto wao, kama siku yoyote. Mlango wa chumba cha nesi ulikuwa umefungwa. Waliniambia yuko ndani na mjamzito. Bosi akaenda moja kwa moja mlangoni, wabebaji nyuma yake, akagonga.

"Hodi!"

Kimya. Akageuka kuniangalia.

"Hodi!"

Kimya tena. Mtoto mmoja alilia benchini, mama yake akamnyonyesha. Bosi akaitazama saa yake, akavuta pumzi, akagonga kwa nguvu zaidi.

"Hodi humo ndani!"

Kimya. Akanyanyua mkono agonge tena, na hapo bibi mmoja aliyekuja na mjukuu akasema kutoka benchini, taratibu kabisa, "Baba, ya tatu hiyo."

"Bibi, si mmeniambia nesi yumo?"

"Yumo."

"Sasa mbona hajibu?"

"Hajajibu. Kakae kando, utarudi."

Bosi alishika kitasa. Sijui kama alikusudia kukizungusha. Benchi lote liliacha kuongea, hata watoto walikuwa kama wameambiwa wanyamaze, na akina mama wale wakamtazama mkono. Wabebaji wenyewe, vijana wa Katonga waliolelewa na mama zao, walirudi nyuma hatua moja. Bosi akakiachia kitasa. Akaniangalia kama anaomba nimsaidie, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Hivyo hivyo ndivyo programu yangu inavyofanya, bosi."

Tukashuka ufukweni kukaa. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, na mzee mmoja akatuonyesha mtumbwi uliopinduliwa tukaukalia. Bosi alinuna. Mimi nilikuwa natazama kilimani, kwenye mnara. Kulikuwa na pikipiki imeegeshwa chini yake, na mtu mdogo kama nukta yuko juu kabisa. Nilihisi nikisema tu mtu yule atateremka.

Muda ukapita wa kutosha mtu kunywa chai na kuosha kikombe. Halafu simu ya bosi ikalia mfukoni. Ikalia tena, ikaendelea kulia, ujumbe wa tangu tuondoke Katonga ukamiminika. Mnara umewaka! Niliruka kutoka kwenye mtumbwi. Bosi akafungua ukurasa wa ofisi palepale, nikamsogelea begani. Jina la zahanati ya kusini lilikuwa jekundu.

Tukasubiri. Jekundu.

"Umeona sasa?" akasema, na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Mtandao umerudi. Simu yangu imepata, yako imepata. Friji yako iko kimya. Haya si mazingira tena, dada."

"Imelala, bosi. Ilipiga hodi ikakosa, ikaenda zake. Muda wake haujafika. Ikiamka itarudi."

"Itarudi lini?"

"Muda wake ukifika."

"Nina ndege ya kuwahi." Akasimama, akakung'uta suruali, akawapungia wabebaji. Wakaokota kamba. Walianza kupanda kuelekea zahanati, na mimi nikabaki nimesimama mchangani. Kwa dakika hizo niliilaani adabu. Nilitamani friji ile ingekuwa jeuri, ipige mlango kama ngoma, iangushe seva, iangushe Dar nzima, mradi isikike. Nusu saa niliyoiandika kwa mkono wangu ndiyo ilikuwa inanipokonya friji. Halafu nikakasirika na nafsi yangu na nikawafuata mbio, nikampita bosi, nikasimama mbele yake njiani.

"Ulinipa msimu wa mvua," nikamwambia. "Mvua haijaisha. Hodi zako zilikuwa tatu, hukujibiwa, ukaenda ukakaa kando kama mtu mzima. Ipe friji nafasi ya kurudi, kama uliyopewa wewe."

Sikujua kwamba nilikuwa napiga kelele mpaka nilipoona akina mama wamesimama benchini. Bosi alifungua mdomo anijibu. Simu yake ikalia mlio mfupi, akaitazama.

Kipimo kimoja. Cha usiku ule mnara ulipopigwa na radi.

Halafu cha pili, cha saa iliyofuata. Halafu vingine, kimoja baada ya kingine, vya zamani kwanza, kila kimoja na saa yake, bila kurukana na bila kusukumana. Bosi alisimama palepale kwenye njia, jua linampiga kichwani, akapandisha ukurasa kwa kidole. Usiku ule wa radi, ubaridi uko pale pale, kati ya nyuzi mbili na nane. Siku iliyofuata, vilevile. Jana. Leo asubuhi. Cha mwisho kilikuwa cha muda mfupi tu uliopita, na kwenye kipimo hicho joto lilikuwa limepanda kidogo, kwa sababu nesi alikuwa ameifungua friji kutoa chanjo. Jina likageuka kijani.

Nililia. Sioni aibu kulisema. Nililia mbele ya bosi, wabebaji na dagaa, na bibi wa benchini akaniuliza kwa sauti kama nimefiwa.

Bosi alirudisha simu mfukoni. Alitembea mpaka kwenye mlango wa zahanati, na safari hii, nilimwona kwa macho yangu, alisimama pembeni. Akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Sauti ikatoka ndani upesi, ya mtu ambaye alikuwa amesikia kila kitu tangu hodi ya kwanza. "Nani?"

"Mimi."

Benchi zima liliangua kicheko. Sauti ikauliza tena, "Mimi nani? Na umefuata nini?"

Bosi akataja jina lake lote, akataja na cheo. Kilichomleta hakukitaja. Akawatazama wabebaji na kamba zao, akanitazama mimi, na mimi sikumsaidia.

"Nimekuja," akasema, "kuisalimia friji."

Mlango ukafunguliwa. Nesi alisimama pale, mfupi, mkali wa macho, na nyuma yake niliiona friji na kitambaa chake cheupe juu.

"Karibu, baba," akasema. "Viatu vua, na kamba ziache nje."